Mstari wa "kabila" kwenye fomu ya Ndaga Muntu: sisi wa Kisenyi tuandike nini?

Mjukuu wa Kisenyi (mwanzisha uzi)

Wakuu, asalaam aleikum, na habari za leo kwa wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite salama.

Nina baba mdogo, mzee wa miaka sabini na ushei, fundi cherehani aliyestaafu kwa sababu ya macho. Kadi yake ya taifa hapa Uganda, hii tunayoiita Ndaga Muntu, ni ya lile kundi la kwanza la 2014. Zile kadi zilikuwa za miaka 10, kwa hiyo ya kwake imekwisha muda. Tangu zoezi la kuandikisha upya lianze Mei 27, 2025, amekuwa akilipiga chenga: leo mgongo, kesho mvua, keshokutwa tanzia. Juzi nikamkalisha barazani, fomu mapajani, miwani puani. Jina, akajaza. Kijiji, akajaza. Alipofika kwenye kabila akaweka kalamu chini.

"Hapa ndipo nilipodanganya 2014, nikaandika Nubi," akasema. "Kudanganya mara moja ni shida. Mara mbili ni tabia."

Kisa chetu ni hiki. Babu alikuwa Mmanyema. Alitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akapita Ujiji, akakaa Tabora, akaingia Kampala akiwa kijana nyuma ya mfanyabiashara wa ngozi. Akaoa Bombo, binti wa Kinubi. Akajenga Kisenyi, akazaa, akazikwa. Kwetu lugha ya nyumbani ni Kiswahili, ya sokoni ni Kiganda, na ya msibani ni Kiarabu cha Yasini. Muulize jirani yeyote sisi ni kina nani, atakujibu bila kufikiri: Waswahili hao.

Basi nenda ukamtafute Mswahili kwenye orodha. Katiba yetu ya 1995, Ibara ya 10, inasema raia wa kuzaliwa ni mtu aliyezaliwa Uganda ambaye mzazi wake mmoja, au mmoja wa babu na bibi zake, ni wa jamii ya asili iliyokuwa ikiishi ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926. Jamii zenyewe zimeorodheshwa kule nyuma, Jedwali la Tatu. Mwanzo zilikuwa 56, marekebisho ya 2005 yakazifikisha 65. Nimezisoma zote kuanzia Acholi mpaka Vonoma. Wamo Banyarwanda, wamo Barundi, wamo Bahehe. Mswahili hayumo. Mmanyema ndiyo kabisa.

Kwa nini 1926? Siku hiyo ndipo mkoa wa Rudolf, nchi ya Waturkana, ulipohamishiwa Kenya, na ramani ya Uganda ikatulia takriban kama tunavyoijua. Yaani Mwingereza alihamisha mpaka kwa sababu zake za utawala, na miaka 69 baadaye sisi wenyewe tukaugeuza kuwa kipimo cha damu. Hesabu nyingine inayonichekesha kwa uchungu: wafanyabiashara Waislamu wa kutoka pwani walifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Toa kwenye 1926, unabaki na miaka 82. Haikutosha. Wanubi, ambao Lugard aliwaleta 1891 kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha, wamo. Siwaonei kijicho, ni wajomba zangu. Lakini nadhani walisaidiwa na jambo moja: walikuwa askari, na askari huandikwa kwenye daftari.

Sasa hoja yangu. Watu wengi wakizungumza habari hii hupanga pande mbili: huku mila, ukoo, wazee, kule serikali, kompyuta, alama za vidole. Mimi naona si hivyo. Serikali haikuitupa mila. Iliiokota, ikaigandisha kama ilivyokuwa siku moja ya mwezi Februari, ikaifungia kwenye kompyuta. Kilichopotea ni kile kitu ambacho ukoo ulikuwa unakijua sana, nacho ni kusahau. Zamani mgeni alikuja, akalima, akala omukago na mwenyeji, yaani wakagawana buni ya kahawa iliyopakwa damu zao, akapewa mke, akapewa jina. Wajukuu wakiuliza babu alitoka wapi, wazee wanakohoa, wanabadili mazungumzo. Kule kukohoa ndiko kulikokuwa kumpa mtu uraia. Kompyuta haikohoi.

Na msidhani nimeipenda karatasi ya zamani. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulileta kodi ya nyumba ya rupia 3, na tangu hapo mwanamume wa nchi hii ametembea na karatasi. Marehemu baba alikuwa na tikiti zake za kodi ya kichwa zimefungwa kwa mpira, mpaka kodi yenyewe ilipofutwa 2005. Kwenye vizuizi vya barabarani tikiti ndiyo ilikuwa kitambulisho. Miaka ile ya "panda gari", enzi ya Obote wa pili, usipokuwa nayo unapanda kweli, na kushuka ni majaliwa. (Ndiyo maana wazee wengi wa Kampala ukiwasemesha Kiswahili wanakunja uso. Neno la kwanza walilolijua ni hilo.) Ila tikiti ilikuuliza kitu kimoja tu: umelipa? Haikumuuliza baba kuhusu Ujiji.

Hii ya sasa inauliza, na kila kitu kimefungwa kwayo. Namba yake ina tarakimu na herufi 14, mwanamume inaanza na CM, mwanamke CF. Laini ya simu tangu 2017 haisajiliwi kwa raia bila namba hiyo. Pasipoti, benki, pensheni, vilevile.

Nisaidieni. Ba'mdogo aandike nini?

Jicho la Mwewe

Andika Muganda maisha yaendelee. Nusu ya Kampala ndivyo walivyofanya.

Mjukuu wa Kisenyi

Muganda wa ukoo gani, mkuu? Mstari unaofuata unauliza ukoo.

Nkima wa Mawokota

Mwanzisha uzi umeandika vizuri lakini umetupaka asali sana. Ngoja niseme kama mwenye nyumba.

Sisi ukoo si jina tu, ni ngazi. Juu kabisa kuna kasolya, ndiyo paa. Chini yake ssiga, halafu mutuba, halafu lunyiriri, halafu luggya, mpaka nyumba uliyozaliwa. Mimi ni wa Nkima, mkubwa wetu ni Mugema, na kima huyo simli hata njaa ikiniua. Siku ya kwanjula, unapopeleka posa, unasimamishwa utaje ngazi zote mbele ya wakwe. Ukikwama kwenye mutuba watu wanaanza kutazamana. Hakuna mashine iliyowahi kunitoa jasho kama shangazi zake mke wangu.

Na msidhani mila haikuwa na upimaji. Kitovu cha mtoto kilichokauka kilihifadhiwa, siku ya kumtambulisha kwa ukoo kikatumbukizwa kwenye kimiminiko. Kikielea, mtoto ni wetu. Kikizama, mama yake ana maelezo ya kutoa. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya kidole.

Ni kweli koo zilipokea wageni, hata wengine sasa wana vyeo. Lakini tuna neno mugwira, na neno hilo lina meno. Mtu anaishi kijijini miaka arobaini, anazika wazazi wake hapo, siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba anaitwa mugwira mbele ya watoto wake. Wazee wanakohoa, ndiyo, lakini kikohozi chenyewe kina bei, na anayeijua bei ni mgeni. Kukohoa si kusahau. Ni kuweka akiba.

Mjukuu wa Kisenyi

Hapo umenigusa, ssebo. "Kuweka akiba." Nakubali nusu. Nusu nyingine bado naing'ang'ania: akiba ya wazee hufa na wazee.

Wa Mtaa wa Tatu

Poleni majirani. Huku Tanzania kitambulisho cha NIDA hakina kabila, kina namba ndefu ya tarakimu 20 tu. Mwalimu alishatutoa huko. Mkitaka amani futeni huo mstari.

Mjukuu wa Kisenyi

Ndugu, nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini muulize Muha wa Kigoma, akienda kuomba kitambulisho anaulizwa nini kuhusu Burundi. Fomu haina mstari wa kabila, ila karani ana masikio na anajua lafudhi. Na barua ya serikali ya mtaa mnaidai vilevile kama sisi tunavyodai ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji.

Wa Mtaa wa Tatu

Sawa. Kigoma hapo umenipata.

Boda wa Iganga

Nyie mnazungumza makabila, mimi shida yangu ni mwaka.

Jajja yangu, anayemzaa mama, alizaliwa baba yake akiwa Burma na Keya, jeshi la Mwingereza la huku Afrika Mashariki. Hilo linajulikana kijiji kizima, kwa sababu jina lake mwenyewe linatokana na mambo ya vita. Askari wetu wa Keya walipigana Burma 1944. Kwa hiyo bibi kizee huyu amevuka 80, hakuna ubishi. Walipokuja kuandikisha 2014, aliyekuwa anaandika akamuuliza ulizaliwa lini, jajja akamwambia habari za Burma. Yule kijana Burma hakuijua. Akamtazama uso, akaandika 1951. Tarehe 1 Januari, maana nusu ya wazee wa kijiji chetu wamezaliwa siku moja.

Fedha za wazee za SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, ni za miaka 80 na kuendelea. Kompyuta inasema jajja bado. Jirani yake, aliyekuwa anabebwa na jajja mgongoni akiwa mtoto, anapokea. Jirani mwenyewe anaona haya, kila akilipwa anamletea jajja sukari nusu kilo.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa LC1, akaandika barua safi, akapiga muhuri, akatueleza mbele ya mashahidi kwamba bibi huyu ni mkubwa kuliko mama yake yeye mwenyekiti. Barua ikasomwa, ikarudishwa. Wanataka hati. Hati gani? Wenzetu Wakristo wana cheti cha ubatizo, padri aliandika kwenye daftari kubwa na daftari lipo. Jajja ni Mwislamu, jina lake alipewa kwa adhana sikioni. Adhana haina risiti.

Na vidole vyake, wakuu, vimelima mihogo miaka sabini. Mashine ikivisoma inaona ukuta uliopakwa chokaa.

Si yeye peke yake. Mashirika ya haki ya hapa Uganda, ISER na Unwanted Witness, pamoja na kituo kimoja cha haki za binadamu cha New York University walitoa ripoti 2021 kuhusu wazee na kina mama wajawazito wanaorudishwa mlangoni kwa ajili ya kadi, na mwaka uliofuata mashirika ya Uganda yakaipeleka serikali mahakamani. Mwaka huohuo wa 2021 wakati wa chanjo ya korona ilitangazwa kwanza kwamba bila Ndaga Muntu hakuna sindano. Ikalazimu kesi ndipo wakalegeza.

Mwanzisha uzi anasema ukoo unajua kusahau. Kwetu ukoo ndio unaokumbuka, kompyuta ndiyo haijui Burma.

Mjomba wa Kibra

Nawasalimu kutoka Nairobi. Mimi ni Mnubi wa upande huu, kwa hiyo mwanzisha uzi ni mpwa wangu kwa mbali, anisalimie Bombo.

Hapa kwetu mambo yalianza na kipande. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kufanya kazi baada ya vita, na Mwafrika mwanamume akakivaa shingoni ndani ya kibati kama mbuzi wa mnada. Hatukukiondoa kabisa, tulikibadilisha umbo tu. Mimi nilipofika miaka 18 wenzangu wa shule walipata kitambulisho kwa wiki kadhaa. Mimi nikapelekwa kwenye kikao cha kuchujwa, wazee na maofisa, nikaulizwa babu wa babu alizikwa wapi. Nikawaambia hapa Kibra, twendeni nikawaonyeshe. Hawakutaka kwenda.

Ndiyo maana ilipokuja Huduma Namba, ule mpango wa kumwandikisha kila mtu kwenye kompyuta ya serikali, Nubian Rights Forum walikuwa mbele kwenda Mahakama Kuu. Hukumu ya Januari 2020 ilisema msiendelee mpaka muwe na sheria ya kutosha. Watu walidhani tunapinga kompyuta. Hapana. Tulijua tu nani ataachwa nje ya kompyuta.

Lakini kuna tofauti moja nataka Waganda muione. Kwetu orodha ya makabila haimo ndani ya Katiba. Wamakonde walitembea kwa miguu kutoka Kwale mpaka Nairobi Oktoba 2016, miezi michache baadaye wakatangazwa kabila la 43. Wahindi wa Kenya wakawa la 44 mwaka 2017. Wapemba 2023. Unaweza kucheka kwamba rais anagawa makabila kama pipi, lakini mlango upo, unaweza kuugonga. Kwenu mlango umejengewa ndani ya Katiba, kuufungua ni Bunge lirekebishe.

Tazama Wamaragoli wenu wa Kiryandongo. Hawamo kwenye zile 65. Wanaambiwa ni watu wa Kenya. Haya, mpaka 1902 Maragoli yenyewe ilikuwa Uganda! Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika mpaka Naivasha kabla ya kupewa Kenya. Walihamishwa bila kuinuka kitandani, walipohama kwa miguu yao wakaambiwa ni wageni.

Jicho la Mwewe

Hii ya 1902 sikuijua. Naivasha!

Mama Pacha wa Mbale

Nimesoma uzi wote kuanzia juu. Wanaume, mnaweza kulia!

Nianze na ukoo, maana mnauimbia kama mjomba aliyekufa. Mume wangu alipofariki, ukoo wake ulikuja. Walizika vizuri, siwasemi kwa hilo, ng'ombe alichinjwa. Siku ya tatu wakakaa chini ya mwembe wangu, bila mimi, wakaamua nani achukue shamba la kahawa, nani achukue pikipiki, na mimi niende na nani. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia. Walinijua sana hao wazee. Wanajua kwetu, wanajua mahari iliyolipwa, wanajua hata kaka zangu walitahiriwa imbalu ya mwaka gani. Kule kunijua kote hakukunipa hata shina moja la kahawa.

Kilichonipa ni karatasi. Kadi yangu, namba za watoto zenye jina la baba yao, barua ya LC1, nikaenda kufungua mirathi. Sheria ya urithi iliyorekebishwa 2022 inasema mjane au mgane asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, na yule mrithi wa kimila anayevishwa kanzu, asilimia 1. Moja! Shemeji yangu alipoisikia hiyo moja alikaa kimya mpaka chai ikapoa.

Sasa turudi kwa mzee wa Kisenyi. Mwanzisha uzi, umeninukulia Ibara ya 10 mwenyewe halafu ukairuka. Imesema mzazi mmoja, au mmoja wa babu na bibi. Haikusema baba. Bibi yako ni nani? Binti wa Kinubi wa Bombo. Wanubi wamo kwenye orodha? Umesema wamo. Sasa ba'mdogo wako alidanganya nini 2014? Mama yake ni Mnubi, kwa hiyo ameandika kabila la mama yake. Uwongo uko wapi?

Mmezunguka aya kumi, Ujiji, Tabora, mfanyabiashara wa ngozi, mzee mmoja aliyekuja akifuata mizigo. Yule mwanamke aliyekuwa amekaa hapo hapo Bombo mmemwandikia neno moja, "akaoa". Katiba imemwona, nyie hamkumwona. Na mwenzetu wa Nkima atatwambia kama ninakosea: Kabaka wa zamani hakuhesabiwa kwa ukoo wa mama yake?

Nkima wa Mawokota

Hukosei, nnyabo. Wana wa mfalme walifuata muziro wa mama, yaani mwiko wa ukoo wake, ndiyo maana kila ukoo ulitamani kumwoza Kabaka binti.

Mjukuu wa Kisenyi

Mama Pacha, nimeusoma ujumbe wako mara mbili, kisha nikampelekea ba'mdogo kwenye simu, asomewe na mwanawe. Amekaa kimya, halafu akauliza, "Huyo mama ni wa wapi?" Nikamwambia Mbale. Akasema, "Mwambie nashukuru, na mwambie mama yangu aliitwa Hawa." Ni mara ya kwanza kwangu kulisikia jina la bibi. Nilikuwa namjua kama Bibi Bombo.

Naomba radhi. Hoja yangu ya kusahau sasa nina mashaka nayo, maana naona tuliyekuwa tunamsahau sisi ni nani.

Lakini wa Kiryandongo nawaacha wapi? Wao mama ni Mmaragoli, baba Mmaragoli, bibi zote mbili Wamaragoli. Mlango wa mama nao kwao umefungwa. Na wale Batwa wa Kisoro, wao wamo kwenye orodha tangu mwanzo, wa asili kuliko sisi sote, walitolewa msituni Bwindi na Mgahinga 1991 na mpaka leo wengi wanaishi kwenye mashamba ya watu. Kuandikwa jina hakukuwarudishia hata mti.

Mubembe wa Nakivale

Mimi niko kambini Nakivale, kabila langu Mubembe wa Fizi, Kongo. Sisi kadi yetu inatoka ofisi ya Waziri Mkuu, siyo hii yenu. 2018 walituhesabu upya kwa vidole na macho, hesabu ya wakimbizi wa Uganda ikashuka kutoka milioni 1.4 hadi kama milioni 1.1. Tulipanga foleni toka alfajiri, lakini baada ya hapo posho haikuibiwa tena kwa majina ya hewa, nasema ukweli.

Swali langu ni moja. Binti yangu amezaliwa hapa, ana miaka 11. Anaongea Runyankore kunipita mimi Kibembe. Majirani Wanyankore wamempa jina lao, wanamwita hivyo hata shuleni. Kadi yake inasema Kongo, na Kongo hajaiona. Huyo na yeye atangoja miaka 82?

Boda wa Iganga

Mzee wa Nakivale, pole. Sina jibu. Ila hilo jina walilompa majirani asiliache.

Mjomba wa Kibra

Mwanzisha uzi, mrejesho bado? Mzee alikwenda?

Mjukuu wa Kisenyi

Mrejesho, wakuu.

Tulikwenda Jumanne. Foleni ilikuwa ya wastani, mzee akapewa kiti. Karani kijana mdogo, mpole, amevaa kofia ya Cranes. Picha, sawa. Vidole, vitatu vikasoma, vingine vikagoma, fundi cherehani naye ni kama mkulima. Siku hizi wanapiga na mboni za macho. La kulia lina mtoto wa jicho, mashine ikakataa mara nne, la kushoto ikakubali.

Tukafika kwenye kabila. Mzee akajibu kabla sijafungua mdomo: "Nubi. Kwa mama." Karani akasema kwa mama hakuna pa kuandika. Mzee akamwambia, "Usiandike basi, lakini ujue."

Ukoo? Hapo hatukuwa tumejipanga. Mstari wa ukoo kwenye fomu ni mtupu, unaandika utakalo. Mzee akasema, "Manyema." Karani akauliza inaandikwaje. Mzee akamtajia herufi moja moja, polepole, kama anayehesabu noti. Kwa hiyo kuanzia Jumanne hiyo Uganda ina mtu mmoja, Mnubi wa ukoo wa Manyema. Nilitoka nje kifua mbele.

Jioni nikampigia shangazi wa Jinja kumpa habari. Ana miaka 84 na ndiye mkubwa wao wote. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema babu hakuwa Mmanyema hata kidogo. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, ila alipofika Kampala Wamanyema ndio walikuwa na nyumba za kupangisha, na hawakumpangishia mtu asiye wao.

Ba'mdogo bado sijamwambia. Mama Pacha, unanishauri nini?